Nguva wa ukutani kwa baba yako

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi:

"Jambo sana, Mwalimu. Nina binti wa miaka tisa. Wakati wa likizo dada zake wakubwa walimwonyesha kwenye simu ile filamu ya Disney ambayo nguva wake ni binti mweusi. Aliipenda mpaka akaniomba nimsuke nywele kama za yule dada. Jumapili kaka yangu alikuja kula kwetu, akamwambia mbele ya watu wote kwamba filamu hiyo ni uongo, nguva ni muzungu, tangu zamani ni muzungu, na dunia nzima imeikataa. Akaongeza: 'Wakichukua muzungu wakamfanya Lumumba, mtakubali?' Mtoto akanyamaza. Jioni akaniuliza: 'Mama, ni kweli mamba muntu, yaani nguva wetu, ni muzungu?' Nilikosa la kusema, kwa sababu hata katika ile picha iliyokuwa ukutani kwa marehemu baba yangu, mamba muntu alikuwa mweupe. Nieleze tafadhali: watu walikasirikia nini hasa? Ni kweli filamu ilikataliwa? Na mtoto nimwambie nini?"

Jambo yako, Mama. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote nimekwama pale mtoto aliponyamaza mezani. Ndiyo maana jibu langu litakuwa refu. Miaka mingi nimefundisha historia ya picha na ya sinema, na watu wazima wachache wameniuliza swali zito kama hilo la binti yako. Nitalifikia. Lakini kwanza acha niyaweke sawa yale ambayo kaka yako ameyachanganya, maana mengine ni ya kweli na mengine siyo.

Julai 2019 Disney walitangaza kwamba nguva wa filamu yao mpya, The Little Mermaid, inayorudia katuni yao ya mwaka 1989, ataigizwa na Halle Bailey, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Atlanta mwaka 2000, ambaye wakati huo alijulikana kwa kuimba pamoja na dada yake Chloe. Mara moja watu wakaanza kuandika mtandaoni kwamba huyo si Ariel wao, yule nguva wa katuni. Angalia hapo, Mama: filamu ilikuwa bado haijapigwa. Hapakuwa na vazi wala wimbo wa kuhukumu. Watu walikuwa wamepewa jina na uso tu, na hivyo viwili vikatosha kuwakasirisha.

Trela ya kwanza ilitoka Septemba 2022, hasira zikawaka upya. Mtu mmoja alichukua akili bandia akamgeuza yule binti kuwa mweupe mwenye nywele nyekundu, na video hiyo ikasambazwa kana kwamba kuna kosa limesahihishwa. Zikazunguka pia namba kubwa za watu waliobonyeza kwamba hawakuipenda trela. Namba hizo uzipokee kwa tahadhari, kwa sababu YouTube ilikuwa imeificha hesabu hiyo kwa umma tangu Novemba 2021, na zilizosambazwa zilitoka kwenye programu za pembeni zinazokadiria. Filamu yenyewe ilipotoka mwishoni mwa Mei 2023, tovuti ya IMDb, ambako watazamaji hupigia filamu kura, iliweka tangazo kwamba imeona upigaji kura usio wa kawaida. Maana yake ni kwamba watu walikuwa wakija kwa makundi kutoa alama.

Wiki zilezile za Septemba 2022 kulisambaa video za aina nyingine, na hizi ningependa uzitafute uzitazame na binti yako. Wazazi weusi, wengi wao Wamarekani, waliwarekodi mabinti zao wakiitazama trela kwa mara ya kwanza. Mtoto amekaa kwenye kiti, bahari inaonekana, sauti inaanza kuimba, halafu nguva anageuza uso. Wapo waliofunga mdomo kwa mkono, wapo waliopiga kelele, wapo waliomgeukia mama yao kuuliza kama wameona sawasawa. Nimezitazama nyingi. Ninaamini uso wa binti yako ulikuwa hivyohivyo kabla ya ile Jumapili.

Kwamba dunia nzima iliikataa, hapana. Filamu iliingiza kama dola milioni 569 duniani kote, na kati ya hizo karibu milioni 298 zilitoka Marekani na Canada. Lakini mjomba wa mtoto hakuokota maneno yake hewani, na ni haki kusema hivyo. Disney walikuwa wamezoea zaidi. Filamu yao ya Aladdin ya mwaka 2019 ilivuka bilioni 1, na karibu theluthi mbili ya fedha hizo zilitoka nje ya Amerika ya Kaskazini. Ya nguva ilipata huko nje chini ya nusu ya mapato yake. China, siku tatu za kwanza ziliingiza kama dola milioni 2.5, ambazo kwa soko la ukubwa ule ni fedha ya maji tu. Rangi ilichangia, maana watu huko waliitaja waziwazi. Ilichangia pia kwamba Wachina walikuwa wameanza kuzipa kisogo filamu za Hollywood kwa jumla, miaka kadhaa kabla ya nguva huyu kufika.

Halafu kuna waliolalamika kwa sababu ambazo hazina uhusiano wowote na rangi, nami nimo miongoni mwao. Katuni ya 1989 ilikuwa ya dakika 83, hii ni ya dakika 135, na urefu huo unausikia. Chini ya maji kuna giza mahali ambapo katuni ilijaa rangi. Yule kaa Sebastian, kwa kuwa sasa ametengenezwa afanane na kaa wa kweli, amepoteza uso, na mnyama asiye na uso hachekeshi. Mtu akikuambia hakuipenda filamu, usimhukumu hapohapo. Muulize nini hakikumpendeza, kisha usikilize anaanzia wapi.

Kaka yako alianzia kwenye "tangu zamani ni muzungu". Basi twende huko zamani.

Hadithi iliandikwa na Mdenmark, Hans Christian Andersen, ikachapishwa mwaka 1837. Ukiifungua utakuta ameandika kwamba ngozi ya nguva yule mdogo ilikuwa laini kama jani la waridi na macho yake ya buluu kama bahari ya kina. Hilo lipo, na hatutalificha. Lakini soma mpaka mwisho. Nguva wa Andersen hana jina, wala hakuna mahali panaposema nywele zake ni nyekundu. Mchawi wa baharini anamkata ulimi. Kila hatua anayokanyaga kwa miguu yake mipya inamchoma kama kisu. Mwana wa mfalme anaoa mwanamke mwingine. Dada zake wanamletea kisu amuue ili aokoke, yeye anakataa, anajitupa baharini na kuwa povu, kisha anainuliwa kwenda kwa mabinti wa hewani.

Je, ndiyo hadithi ambayo watu waliitetea mwaka 2019? Siyo. Mwaka 1989 Disney waliuondoa ulimi uliokatwa, wakauondoa kisu, wakaliondoa povu, wakaweka harusi. Wakampa binti jina la Ariel. Nywele nyekundu walimpa wao, na sababu mojawapo ilikuwa kumtofautisha na nguva mwenye nywele za manjano wa filamu nyingine ya Hollywood iliyotoka mwaka 1984. Mageuzi hayo yote yalipita, na watoto wa dunia nzima wakalala usingizi mzuri. Kwa hiyo aliyesema "rudisheni nguva wa asili" alikuwa anaomba arudishiwe nguva wa studio, aliyebuniwa nikiwa tayari mtu mzima.

Kando ya hayo, na hili ni kwa ajili yetu watu wa mji wa shaba: huyo nguva wa Andersen ana sanamu kule Copenhagen, juu ya jiwe ufukweni, tangu mwaka 1913. Watalii hupanga foleni kupiga naye picha. Imetengenezwa kwa bronzi, ambayo sehemu yake kubwa ni shaba, na rangi yake ni ya shaba iliyokaa muda mrefu kwenye hewa ya chumvi.

Lipo jambo jingine katika katuni ya 1989 ambalo huwa nawaonyesha wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka darasa linakaa kimya kidogo. Wimbo uliobeba katuni ile, ule wa chini ya bahari, ni kalipso, muziki wa watu weusi wa Karibi. Anayeuimba ni kaa, na sauti ya kaa huyo ilikuwa ya Samuel E. Wright, Mmarekani mweusi. Wimbo huo ulipewa Oscar mwaka 1990. Kwa hiyo weusi walikuwa chini ya ile bahari tangu mwanzo, Mama. Walikuwa wakiimba, wakipiga ngoma, wakimbembeleza binti wa mfalme asiondoke. Miaka thelathini watu waliicheza sauti hiyo kwenye sherehe za kuzaliwa na hakuna aliyeuliza mtu mweusi anafanya nini baharini. Swali lilikuja siku mweusi alipotoka kwenye gamba la kaa na kukaa mahali pa binti wa mfalme, yule anayependwa.

Hapo ndipo kilipo kiini cha hasira, kwa maoni yangu. Anayemwimbia mrembo anaweza kuwa wa rangi yoyote, lakini mrembo mwenyewe watu wamemzoea kwa uso mmoja tangu utotoni, na mazoea ya utotoni yakiguswa mtu huhisi ameibiwa. Ndiyo maana wengine walilia kwa uchungu wa kweli, wakasema utoto wao umeharibiwa, ilhali katuni ya 1989 ipo palepale na hakuna aliyeifuta. Mwaka 1997 mwimbaji mweusi Brandy aliigiza Cinderella kwenye televisheni ya Marekani, naye Whitney Houston akawa mlezi wake wa miujiza. Noma Dumezweni, aliyezaliwa Eswatini kwa wazazi wa Afrika Kusini, alipochukua nafasi ya Hermione, yule binti wa hadithi za Harry Potter, kwenye jukwaa la London mwaka 2016, alisemwa maneno yaleyale. Na ni yeye huyohuyo aliye malkia, mama wa kijana mpendwa, katika filamu hii ya nguva.

Sasa Lumumba. Hapa kwetu jina hilo halitajwi kwa kupita, nami sitalipita. Tarehe 17 Januari 1961 Lumumba, waziri mkuu wetu wa kwanza, na wenzake Mpolo na Okito waliletwa kwa ndege katika mji huu, ulipokuwa ungali ukiitwa Elisabethville, na usiku huohuo wakauawa nje ya mji. Ardhi yetu inalijua jambo hilo. Kwa hiyo kaka yako amechagua mfano mzito, na anastahili jibu lenye uzito kama huo.

Raoul Peck alipotengeneza filamu juu ya Lumumba, iliyotoka mwaka 2000, aliyemwigiza alikuwa Eriq Ebouaney, Mfaransa mwenye wazazi wa Kameruni, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa Zimbabwe na Msumbiji. Lumumba alikuwa Mtetela. Lakini sikumbuki kumsikia mtu hapa Lubumbashi akilalamika kwamba Mtetela amechukuliwa na mtoto wa Wakameruni. Kwa nini? Kwa sababu kilichotakiwa kubaki kilibaki. Sikiliza hotuba ya Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960 mbele ya mfalme Baudouin wa Ubelgiji. Alisema tulivumilia matusi na kupigwa asubuhi, mchana na jioni kwa sababu tulikuwa weusi. Alikumbusha kwamba kwa Kifaransa mweusi aliitwa "tu", yaani "wewe" isiyo ya heshima, wala si kama rafiki anavyoitwa, kwa kuwa "vous" ya heshima iliwekwa kwa wazungu peke yao. Mweke mzungu katika mdomo ule na hotuba nzima inakufa. Hakuna sentensi inayosimama, wala hakuna sababu ya kumuua.

Chukua sasa nguva, umwondolee ile ngozi ya waridi. Nini kinaanguka? Mkia upo. Sauti anayoitoa ili apate miguu ipo. Baba mkali yupo, na hamu ya kuishi kwa watu ambao baba anawaogopa ipo. Mimi nimetafuta kitu kinachoanguka sijakiona. Hicho ndicho kipimo ninachokitumia, na ninakupa ukitumie kwa filamu yoyote: iondoe rangi ya mtu, kisha uone kama hadithi inaendelea kutembea.

Kipimo hicho hakiwapi ushindi weusi kila mara. Mwaka 2025 Disney walirudia hadithi ya Snow White, ile ya ndugu Grimm ya mwaka 1812, ambamo weupe umo ndani ya jina lenyewe: mama aliomba mtoto mweupe kama theluji. Walimweka Rachel Zegler, ambaye upande wa mama yake wametoka Kolombia, wakaligeuza jina liwe na maana kwamba binti alizaliwa wakati wa dhoruba ya theluji. Hapo waliolalamika walikuwa na kitu kidogo cha kushika mkononi, hata kama binafsi naona weupe wa theluji ni mapambo tu na uzito wa hadithi uko kwenye wivu wa mama wa kambo. Filamu hiyo ilianguka kwa kweli, lakini ilizungukwa na ugomvi mwingi mno kiasi kwamba huwezi kuusukumia mzigo wote kwenye ngozi ya mwigizaji.

Mwambie kaka yako pia kwamba kubadilisha rangi hakukuanza na nguva. Kwa miaka mingi kulikwenda upande mmoja. Mwaka 1965 Laurence Olivier, mwigizaji mkubwa wa Uingereza, alijipaka rangi nyeusi mwili mzima akaigiza Othello kwenye sinema, na akapendekezwa kwa Oscar. Huku kwetu, chini ya Wabelgiji, ilikuwepo kamisheni iliyoamua filamu gani Mwafrika anaruhusiwa kuona na filamu gani hapana. Babu zetu walipokuwa wakikatazwa mlangoni, hakuna aliyewauliza kama utoto wao umeharibiwa. Siyasemi haya ili tulipize kisasi kwa nguva. Nayasema kwa sababu mzani wa kaka yako umewekwa jiwe upande mmoja kabla hata ya kupima.

Na sasa tufike ukutani kwa baba yako.

Picha hiyo ninaijua, Mama, hata kama sijawahi kuingia nyumbani kwenu. Kwetu pia ilikuwepo, katika mtaa wa Kenya wa hapa mjini, kwenye salo, juu ya radio. Miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mji huu walichora juu ya vitambaa vya mifuko ya unga, wakapita nazo mkononi nyumba kwa nyumba, wakiwauzia wafanyakazi wa migodi, makarani na walimu. Aina zilijulikana. Kulikuwa na ile ya Colonie belge, mfungwa amelazwa chini anachapwa fimbo, huku mzungu akitazama. Kulikuwa na kijiji na minazi yake kando ya maji. Na kulikuwa na mamba muntu. Watu waliziita ukumbusho, na neno hilo walilitumia kwa uzito wake wote. Tshibumba Kanda-Matulu, mmoja wa wachoraji hao, katika miaka ya 1973 na 1974 alichora historia nzima ya nchi kwa picha karibu mia moja, Lumumba akiwemo, kwa ajili ya mtafiti Johannes Fabian aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu chetu.

Mamba muntu wa kwetu aliketi juu ya jiwe. Nusu ya chini samaki, nusu ya juu mwanamke mweupe, nywele ndefu zimelala begani, saa mkononi. Nilipokuwa mtoto ile saa ilinisumbua kuliko mkia. Nilimwuliza mama yangu samaki anatazama saa ya nini. Hakunijibu, na hakupenda kukaa akiipa picha ile mgongo. Baba ndiye aliyeinunua, baba ndiye aliyeipenda.

Hadithi yake unaijua: mwanamume anayempata, au anayeokota kitana chake au unywele wake, anatokewa usiku. Anaahidiwa mali. Lakini kuna sharti, na sharti linakula ndani ya nyumba: ukimya, au mke, au mtoto. Kila familia ina namna yake ya kuisimulia, ila hesabu ya mwisho daima ni nzito. Wakubwa wakiona mtu ametajirika ghafla, walijua la kunong'ona.

Basi kwa nini alikuwa mweupe? Aliyemchora alikuwa mweusi, mtu wa Katuba au wa Kamalondo, mwenye watoto wanaokula bukari kama sisi. Hakumwona nguva mtoni akanakili. Alimchora hivyo kwa sababu katika mji huu, tangu siku za Union Minière, ile kampuni ya migodi ya Wabelgiji, mali ilionekana ikiwa na uso mmoja. Mshahara ulitoka kwa mzungu. Saa ilitoka kwa mzungu. Nyumba yenye bustani ilikuwa ya mzungu, ng'ambo ya mpaka ambao mweusi hakuuvuka usiku. Mchoraji alipotaka kuchora mali inayovutia na inayokula watu, brashi ilikwenda yenyewe kwenye ngozi nyeupe na nywele ndefu. Hivyo ndivyo ninavyoisoma picha ile, baada ya kuitazama maisha yangu yote.

Lakini jina lenyewe halina rangi. Mamba ni mamba, na muntu ni mtu. Waluba waliwajua bavidye wa maziwani na wa mitoni kabla ya mfuko wa unga kufika Katanga, na pepo hao hawakuvaa saa. Upande wa Afrika Magharibi ilitokea hivyohivyo: sura ya Mami Wata, pepo wa maji wa huko, inayojulikana leo, yenye nyoka na nywele nyingi, ilitoka kwenye picha ya mwanamke mchezesha nyoka iliyochapishwa Hamburg katika miaka ya 1880, na mwaka 1955 ikachapishwa tena Bombay kwa ajili ya soko la Afrika. Pepo wa maji walikuwepo zamani. Sura ndiyo iliyoletwa na meli.

Hivyo mjomba akisema nguva ni muzungu tangu zamani, hasemi uongo juu ya kile alichokiona. Alikiona kweli, kwenye ukuta wa baba yenu nyote wawili, na huenda filamu imemgusa mahali pale pale panapomkumbusha marehemu. Anachokosea ni kudhani ukuta ule ulikuwa unamweleza nguva. Ulikuwa unaueleza mji.

Neno moja zaidi kabla sijafika kwa mtoto, kwa sababu sitaki udhani ninawashangilia Disney. Hao ni wafanyabiashara. Waliwahi kuyasajili maneno "hakuna matata" kama alama yao ya biashara, maneno ambayo mimi na wewe tunayasema bila kumlipa mtu, na mwaka 2018 mwanaharakati mmoja wa Zimbabwe alikusanya sahihi nyingi mno za kupinga. Kumpa binti mweusi nafasi ya binti wa mfalme katika hadithi ya Kidenmark ni jambo jema, na Halle Bailey aliimba vizuri sana. Lakini bado ni kuvaa nguo iliyoshonwa kwa kipimo cha mwingine. Ninachokitamani kwa moyo wote ni kuona siku moja mtu wa mji huu akimleta mamba muntu kwenye sinema, na saa yake, na sharti lake, na yule mama anayekataa kumpa mgongo. Watu wa picha hatukuwakosa. Tangu mwaka 2008 tuna maonyesho yetu makubwa ya Picha, aliyoyaanzisha mpiga picha Sammy Baloji na wenzake, na vijana wa hapa wanapiga filamu kwa kamera ndogo kuliko mkono wa mtoto.

Kwa mtoto, basi. Usimwambie kwamba mjomba ni mjinga. Mjomba ana neno kubwa kwa mtoto, na ukilivunja mbele yake utakuwa umemvunjia kitu kingine pia. Zungumza na kaka yako pembeni, uanze na picha ya baba yenu. Mwulize anakumbuka nini juu yake, na kama marehemu aliwahi kuwaeleza kwa nini aliinunua. Ninadhani mtakaa muda mrefu kabla hamjafika kwenye Disney.

Binti yako mwambie hivi, kwa maneno yako: mamba muntu anachorwa na watu, na kila mtu humchora kwa rangi aliyo nayo mkononi. Babu alinunua mweupe. Wamarekani wamemfanya mweusi. Yeye atamfanya wa rangi gani? Kisha mpe karatasi na kalamu za rangi, umwache. Kila mwaka ninawapa wanafunzi wangu wa chuo kazi hiyohiyo, wachore mamba muntu bila kutazama popote, na wengi bado wanamchora mweupe mwenye nywele zilizonyooka, halafu wanaitazama karatasi yao kama imeandikwa na mtu mwingine. Hao wana miaka ishirini. Wako ana tisa, na ameshauliza swali ambalo wao hawajaliuliza.

Akichora, usimsahihishe, hata akimchora mweupe. Mwulize tu kwa nini, na uandike jibu lake nyuma ya karatasi pamoja na tarehe. Ikiwa picha ya baba yako bado ipo, hata kama imechanika au iko kwa shangazi, nendeni mkaione pamoja, na karatasi yake mwende nayo.

Na zile nywele, msuke. Za Halle Bailey ni dredi zake mwenyewe. Hawakuzikata wala kuzificha chini ya wigi, walizizungushia nywele za rangi nyekundu tu. Kwa mtoto, rasta zenye meshi chache nyekundu zitatosha, ila pale mbele usimkaze sana, maana katika umri huo kingo za nywele hukatika upesi.